Mtoto wa Kuambiwa Mara Moja

Mchungaji alipomwita Kornelio mbele, nusu ya kanisa iligeuka kumtazama mkewe, Ghati, aliyekaa upande wa akina mama. Ilikuwa Jumapili ya malezi. Wazazi wa Mbalibali walikuwa wamelalamika mpaka wakachoka: kuna watoto wanaotumwa chumvi wakarudi na sabuni, na kuna wanaoitwa mpaka jirani akaitika kwa niaba yao. Mchungaji alisikiliza malalamiko yote, akaufunika ubao wake kwa kitambaa.

"Mimi sina la kuongeza," akasema. "Lakini tunaye humu mzee wa kanisa ambaye mwanawe huambiwa mara moja. Mara moja, wapendwa! Aje atufundishe."

Kornelio alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alisimama mbele ya madhabahu, hakusema habari za asubuhi, akamwita binti yake Irine, mwanafunzi wa darasa la saba.

"Irine. Toka nje, zunguka kanisa kwa upande wa choo, okota jiwe jeupe, uingie mlango wa nyuma, umwamkie bibi aliyekaa mwisho, umpe jiwe, yeye akupe leso yake, uilete kwa mama mchungaji, halafu ukae ulipokuwa."

Alisema kwa mkupuo mmoja, bila kupumua katikati. Irine akatoka. Watu walimsikia akizunguka, kandambili zikipiga kokoto. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akapiga goti, "Shikamoo bibi," akatoa jiwe jeupe, akapokea leso, akampelekea mama mchungaji kwa mikono miwili, akarudi kwenye benchi lake. Kanisa likalipuka kwa makofi na vigelegele.

"Siri yake nini, mzee?" mtu mmoja akauliza.

"Sirudii," Kornelio akajibu. "Mtoto akijua utarudia, ya kwanza haisikilizi. Na akiniuliza 'unasemaje?', mkono ndio unajibu. Basi."

Watu wakacheka. Ghati naye alicheka, kichwa kikamwinuka kidogo. Lakini yeye alikuwa karibu zaidi, na aliona ambalo waliokaa nyuma hawakuliona. Irine alipokuwa akiambiwa, mabega yake yalipanda mpaka karibu na masikio, pumzi ikamkatika, macho yakaganda kwenye mdomo wa baba yake, na midomo yake mwenyewe ikawa inacheza, ikifuata kila neno kama mtu anayekimbiza kuku. Ghati aliyajua hayo tangu mtoto akiwa mdogo. Siku zote aliyaita heshima.

Baada ya ibada, akina mama walimzunguka. Tabitha, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, alimshika mkono. "Mama Irine, sisi wengine tutakuja kwako tujifunze. Wangu mimi hata nikipiga ngoma hasikii."

"Karibuni," Ghati akasema, na tangu aolewe hapo Mbalibali hajapata kulitamka neno hilo kwa raha namna ile.

Wakaja kweli, asubuhi ya katikati ya wiki, Tabitha na wenzake wawili, na ndizi za zawadi kichwani. Ghati aliwaweka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha jiko, akawamiminia uji wa mtama. Alikuwa anawaeleza kwamba siri ni kuanza mapema, mtoto akiwa bado ananyonya, wakati upande wa mbele pikipiki iliponguruma. Ilikuwa bodaboda iliyokuja kumchukua Kornelio kwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa, Mugumu.

Kupe walikuwa wengi mwaka huo. Masika yalikuwa yamekaribia, na Kornelio alikuwa na maksai wawili waliolima shamba lake na mashamba ya watu wengi wa pale. Kwa maksai hao ndipo alipokuwa mtu. Alikuwa amenunua dawa mpya ya kuogeshea, kwenye duka la pembejeo la Abdillah. Mwenye duka alimwambia dawa hii si kama ile waliyoizoea. Ile ya zamani waliweka kikombe kizima cha plastiki kwenye bomba moja la kunyunyizia lililojaa maji. Hii ilitaka kifuniko kimoja cha chupa yake, basi.

Kornelio alikuwa amekwisha kaa nyuma ya dereva alipokumbuka. Akamwita Irine, ambaye siku hiyo alizuiwa kwenda shule kwa ajili ya kazi hiyo.

"Waogeshe maksai kabla jua halijawa kali. Usiweke kama ile ya zamani. Kifuniko kimoja."

Dereva alikuwa anapiga resi, pikipiki ikikohoa na kunguruma ili isizimike. Irine alisimama mabega juu, macho kwenye mdomo wa baba yake. Alisikia maksai. Alisikia jua. Kisha pikipiki ikanguruma, na alichokipata ni "...weke kama ile ya zamani." Lililofuata lilimezwa na mngurumo. Alifungua mdomo. Kornelio akamtazama usoni. Irine akaufunga mdomo, na pikipiki ikaondoka.

Alibaki uani, chupa mkononi. *Uweke*, au *usiweke*? Kilichopotea kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Akazunguka nyumba.

"Mama," akasema. "Tata amesema niweke kama ile ya zamani, au nisiweke?"

Maongezi yakakatika. Tabitha akashusha bakuli lake la uji. Mmoja wa wale wenzake wawili akamtazama Ghati, na pembeni mwa mdomo wake kukawa na kitu kama kicheko kinachojificha. Ghati aliona uso wake wote ukiwaka. Mtoto wa kuambiwa mara moja! Mbele ya wageni waliokuja kujifunza!

"Ulikuwa wapi baba yako akisema?"

"Pikipiki ilikuwa..."

"Nimekuuliza pikipiki? Mimi nilikuwepo? Kafanye kama alivyokuambia. Na baba yako asisikie kwamba umekuja kuniuliza."

Irine akasema, "Sawa, mama," akaondoka. Ghati akacheka kuwaonyesha wenzake kwamba si kitu. "Mnaona? Ukiwalegezea kidogo tu." Akawaongezea uji.

Kule zizini Irine alifikiri peke yake. Alifikiri kwamba *uweke kama ile ya zamani* ni neno linaloeleweka, na kwamba mtu hawezi kukosea akifanya lililozoeleka. Akapima kikombe kizima, akakimimina kwenye bomba, akatikisa, akalibeba mgongoni. Harufu ilikuwa kali mno, ikamchoma macho. Akadhani ni upya wa dawa. Akawaogesha maksai vizuri kama alivyofundishwa: chini ya mkia, ndani ya masikio, kwapani.

Wageni walipokuwa wanaaga, maksai wa kwanza alikuwa anatoka mapovu mdomoni. Ghati alidhani amekula jani baya. Kisha akaona miguu yake ikitetemeka, nyama za mapajani zikicheza zenyewe chini ya ngozi, na magoti yakalegea, akaanguka upande kwa kishindo. Wa pili alijilamba, akasimama muda mrefu akitweta, naye akaanza.

Tabitha ndiye aliyekimbia barabarani kumpigia simu Vincent, bwana mifugo, kijana aliyekuwa kwenye boma moja jirani siku hiyo. Alifika na mkoba wake, akamdunga sindano yule wa pili, akasema amechelewa. Akanusa bomba. Akakunja uso.

"Nani amechanganya hii?"

"Mimi," akasema Irine.

"Umeweka kiasi gani?"

"Kikombe. Kama ile ya zamani."

Vincent akafumba macho. Alipofumbua alimtazama yule msichana vizuri: macho mekundu yanayotiririka machozi, mgongo wa gauni umelowa dawa iliyovuja. "Na wewe umeoga? Unasikia kichefuchefu? Vua hilo gauni, nenda kaoge kwa sabuni, upesi!" Siku nzima hiyo hakuna mwingine aliyemuuliza Irine swali kwa ajili yake mwenyewe.

Kornelio alirudi alasiri na kukuta watu wamejaa uani. Habari ya ng'ombe aliyekufa haihitaji mjumbe. Walikuja na visu na mabeseni, wengine na magunia. Vincent alikuwa anawazuia. "Nyama hii ni sumu! Inachimbiwa shimo, hailiwi!" Mzee mmoja alinung'unika kwamba nyama ya matajiri siku hizi huzikwa kama binadamu. Wakacheka. Kornelio alipita katikati ya kicheko hicho, akasimama penye maksai wake. Mmoja alikuwa amekwisha kakamaa. Wa pili alikuwa bado anapiga kwato ardhini, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

"Irine," akasema.

Akaja, amevaa kanga ya mama yake, nywele zinachuruzika maji.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema... uweke kama ile ya zamani."

"*Usiweke!*" Ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikia Kornelio akipaza sauti. "*Usi-we-ke!* Usiweke kama ile ya zamani! Kifuniko kimoja! Mbona mimi nakumbuka? Wewe masikio yako yalikuwa wapi?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," yule mzee akasema, na watu wakaguna kwa kuafiki.

Irine aligeuza shingo, akamtazama mama yake. Alimtazama tu, akasubiri. Ghati aliona watu wote: wale wenye mabeseni, wale wenzake wawili wa asubuhi, na Tabitha aliyeinamisha uso. Alijua ni neno gani linalosubiriwa. Lilikuwa fupi. Angeweza kulisema na kumaliza. Lakini palepale aliona jinsi lile jicho la mumewe litakavyogeuka kutoka kwa mtoto na kuja kwake, na wale watu wote wakigeuka nalo.

"Mwombe baba yako radhi," akasema.

Irine akapiga goti. Kornelio alikwisha kuokota fimbo ya kuswagia maksai. Alimchapa mbele ya watu, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu kila mtu alikuwa anawatazama ng'ombe na kuhesabu ukubwa wa hasara. Vincent peke yake alisema, "Mzee, inatosha, mtoto ameingiwa na sumu," lakini Vincent alikuwa kijana ambaye hajaoa, na maneno yake hayakuwa na uzito mahali pale.

Siku zilizofuata mvua ilinyesha vizuri, mvua ya kukejeli. Kila upande walisikia watu wakiwapigia miluzi maksai wao. Wale waliokuwa wakimsubiri Kornelio awalimie walikodi kwa wengine bila hata kuja kumuaga. Yeye alishika jembe la mkono, akaanza kulima akiwa ameinama kama wake za watu, na waliopita njiani walimsalimia kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Kijitoni, Tabitha alimsubiri Ghati ajaze ndoo yake.

"Mama Irine. Yule mtoto alikuuliza."

Ghati akaangalia nyuma kama kuna mtu. "Umekwisha mwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Si langu la kusema. Ni lako."

"Basi liache huko kwangu."

"Nimeliacha," Tabitha akasema, akajitwisha ndoo. "Lakini mimi wangu siwafundishi tena yale uliyotuambia. Usije ukashangaa."

Dada yake Kornelio, Agustina, alikuja kutoka Tarime mjini kutoa pole. Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na stendi, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuuzia. Alikaa, akala, akasikia habari yote kutoka kwa kaka yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mwisho akasema msichana wake wa kazi ameolewa, naye mwenyewe amebaki peke yake na vyombo.

"Nipe Irine," akasema. "Hapa kila ukimwona utawaona ng'ombe. Kwangu atasaidia, nami nitakutumia chochote kila mwezi, polepole utapata hata ndama."

"Na shule?" Ghati akauliza.

"Tarime hakuna shule? Atahamishiwa."

Kornelio alikubali kwa kichwa. Wifi alipotoka kwenda kuoga, Ghati alimfuata mumewe penye ghala, akasimama mbele yake ili asiweze kupita.

"Baba Irine, kuna jambo. Siku ile mtoto alikuja kuniuliza. Hakusikia vizuri kwa ajili ya pikipiki. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilikuwa na wageni."

Kornelio hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Ghati. Aliendelea kuondoa udongo kwenye jembe kwa kijiti.

"Hata mimi nilimwona anataka kuuliza," akasema. "Alifungua mdomo."

"Kumbe uliona?"

"Niliona."

"Sasa kwa nini anakwenda?"

"Unataka nikawaambie watu nini? Kwamba maksai wangu wameuawa na mimi na mke wangu?" Akatupa kijiti. "Umesema, nimekusikia. Usirudie."

Irine aliondoka asubuhi, na nguo zake kwenye mfuko wa rambo na madaftari yake juu. Ghati alimsindikiza mpaka barabarani. Njia nzima alitafuta pa kuanzia. Alimwambia awe na adabu, asilale bila kunawa miguu, asiongee na wanaume wa stendi. Kwa kila jambo Irine aliitika, "Ndiyo, mama." Gari lilipokuja, Ghati akasema, "Irine, ile siku..." na Agustina akapiga makofi, "Haya haya, mwenye gari hasubiri!" na mtoto akapanda.

Mahindi yaliyopandwa kwa jembe yalikuwa machache na yalichelewa. Kutoka Tarime Agustina alituma kitu mara ya kwanza, mara ya pili akatuma salamu. Ghati alipouliza habari za uhamisho, wifi yake alijibu kwamba mwalimu mkuu wa huko anataka karatasi, na karatasi ziko njiani. Zilikuwa njiani mpaka mahindi yakavunwa.

Ndipo mchungaji akaitisha tena Jumapili ya malezi.

Ghati hakujua mumewe atasema nini. Alimwona akienda mbele, safari hii akiwa na mgongo uliopinda kwa jembe, na kanisa likamtazama kwa upole. Kornelio alishika meza kwa mikono miwili.

"Mwaka huu Bwana amenifundisha kwa hasara," akasema. "Mlinijua na maksai wangu. Nilimwambia mtoto neno moja: usiweke. Yeye akasikia: uweke. Silabi moja, wapendwa! Na kwa silabi moja leo nalima kwa mkono. Mtoto asiyesikiliza haui ng'ombe tu. Anaua nyumba. Kwa hiyo nawaambieni, wafundisheni kusikiliza. Nilidhani nimefundisha. Kumbe nililegeza."

Watu wakasema amina. Mwanamke mmoja akajifuta machozi. Ghati alitazama wazazi waliokuwa wakitikisa vichwa, kisha akatazama benchi la watoto, pale mbele. Wote walikuwa kimya kabisa, na wengine mabega yao yalikuwa yamepanda.

Hakujua amesimamaje. Alijikuta amesimama.

"Aliuliza," akasema.

Kornelio akamtazama. Mchungaji akatabasamu bila kuelewa. "Mama yetu ana ushuhuda?"

"Irine aliuliza. Pikipiki ilikuwa inanguruma, hakusikia, akaja kuniuliza mimi. Alisema, mama, niweke au nisiweke? Nikamfukuza kwa sababu nilikuwa na wageni, na nilikuwa nawaambia jinsi mwanangu anavyosikia mara moja. Wageni wapo humu. Tabitha yupo, muulizeni. Mtoto hakukosa. Sisi tulimziba mdomo, mimi kwa maneno na baba yake kwa macho. Mtoto alikuwa na swali tu!"

Sauti yake ilipasuka mwishoni. Kanisa lilikuwa limetulia hata bati likasikika likitanuka kwa jua. Tabitha, kwenye benchi lake, akasema, "Ni kweli," lakini alisema taratibu.

Mchungaji alikuwa mtu mwema, na watu wema huogopa aibu ya wenzao kuliko dhambi. Akainua mikono. "Wapendwa, mama ana uchungu wa mwana. Uchungu wa mwana ni mzito. Tusimame tumwimbie Bwana." Akaanza wimbo, kwaya ikaudaka, ngoma ikaingia. Ghati aliendelea kusema, akaona midomo ya watu ikifunguka na kufungika, na hata yeye mwenyewe hakusikia alichokuwa anasema. Mama mmoja alimshika mabega kwa upole, akamkalisha.

Kesho yake hakumuaga Kornelio. Aliuza kuku wake, akapanda basi la asubuhi la Tarime.

Kibanda cha Agustina kilikuwa nyuma ya stendi, kuta za mabati, meza zimefunikwa kwa plastiki ya maua. Watu walikuwa wengi, makondakta na wachuuzi waliokuwa wanatoka Sirari na mizigo, wakipigiana kelele kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikurya, Kijaluo na maneno ya Kenya. Ghati alisimama mlangoni. Irine alikuwa ameongezeka urefu. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mkononi ana sahani nne zilizopangana.

"We Irine! Pale pembeni, wali samaki, ondoa maharage, chai mbili!" Agustina akapiga kelele kutoka jikoni.

"Pembeni ipi?" Irine akauliza.

"Huna macho, mbwa wewe? Ya dirishani!"

"Chai za rangi?"

"Za maziwa! Kha! Huyu mtoto ataniua kwa maswali!"

Irine akaenda dirishani. Aliporudi ndipo alipomwona mama yake. Akaweka sahani chini, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ghati alimvuta nje, nyuma ya kibanda, penye beseni la vyombo na maji meusi. Mikono ya mtoto ilikuwa imekwajuka kwa sabuni. "Unasoma?"

"Hapana."

"Nimekuja kukuchukua. Nimewaambia watu kanisani. Nimesema mbele ya wote kwamba uliniuliza, nikakufukuza. Mimi ndiye niliyekosa, Irine, si wewe. Nisamehe, mwanangu. Chukua nguo zako twende."

Irine alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake hayakuwa kwenye mdomo wa mama yake; yalikuwa kwenye beseni.

"Walisemaje?" akauliza.

"Nani?"

"Watu. Ulipowaambia."

Ghati alitaka kusema uongo. "Waliimba," akasema.

Irine akaitikia kwa kichwa, kama mtu mzima anayepokea habari alizozitarajia. "Na tata?"

"Tata yako... atazoea."

Msichana aliinama, akachukua sahani, akaisugua, akaisuuza, akaiweka juani. Akachukua nyingine.

"Sitaki kurudi, mama."

"Unasema nini? Mitihani iko karibu! Huyu wifi anakutukana, nimemsikia kwa masikio yangu. Anakuita mbwa!"

"Ananitukana," Irine akakubali. "Kila siku. Lakini nikimuuliza, ananijibu."

Hakulisema kwa hasira. Kutoka ndani Agustina alikuwa akimwita tena, na Irine akakausha mikono kwenye kanga, akaagana na mama yake kwa goti, akaingia.

Ghati alibaki pale nyuma. Baada ya muda Agustina alitoka, akamwona, akashangaa, akamkaribisha kwa makelele, akamketisha mezani na kumwagizia chakula. Irine ndiye aliyekileta. Aliweka sahani mbele ya mama yake, akamuuliza kama anataka pilipili, akaenda kwa wengine. Ghati alikula kila kitu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Alifika Mbalibali jua likiwa linazama. Kornelio alikuwa uani, anapukuchua mahindi yale machache. Alitazama nyuma ya mkewe, njiani, kuona kama kuna mwingine anayekuja.

"Yuko wapi?"

"Amekataa."

Kornelio aliacha kupukuchua. Kwa mara ya kwanza Ghati aliona macho ya mumewe yakiganda kwenye mdomo wake.

"Amekataa? Amesema nini?"

Ghati alimtazama. Kisha akampita bila kurudia, akaingia ndani, akavua viatu vyake vya safari.